Saruji ya Wattie Imrie

Jumamosi, tarehe 9 Mei 1987, watu wanne walisimama mbele ya nyumba ya Grizel Imrie, katika kijiji kimoja cha Fife: Grizel mwenyewe, binti yake Rhona, shemeji yake Dod, na Tam Dewar, mwashi, aliyeshika nyundo na patasi lakini hajapewa ruhusa ya kupiga.

Nyumba hiyo ilijengwa na mfuma kitani. Kuta zake zilikuwa nene kama urefu wa mkono, mawe yasiyochongwa yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Paa lake vigae vyekundu. Na kuta za ubavuni zilikwea hadi kileleni kwa vidaraja vya mawe, walikopenda kutua kunguru. Juu ya mlango zilichongwa herufi za majina ya maarusi wa mwaka 1731. Grizel alizaliwa humo, katika kitanda kilichojengwa ndani ya kabati kando ya meko. Humo alitoka kila alfajiri kwenda kiwandani kusokota kitani, na humo akaolewa na Wattie, tarishi wa posta, ambaye ndiye aliyehamia kwake.

"Nimeoa nyumba," Wattie alizoea kuwatania wenzake, "mwanamke nimepewa nyongeza."

Kila majira ya kuchipua Grizel alipanda ngazi kuupaka ukuta chokaa upya. Mwaka aliochukua mimba ya Rhona, Wattie alimwondolea adha hiyo: yeye na ndugu yake Dod waliukandika ukuta wote kwa saruji. Kijiji kilisifu, na nyumba nyingine tano zikafuata mtindo. Hakuna aliyefikiri kwamba ukuta wa namna ile hupumua, na kwamba kuutia saruji ni kuuziba pua. Maji yaliyopenya kwenye nyufa hayakupata pa kutokea ila ndani. Kwa miaka mingi Grizel alililaumu birika kwa unyevu huo, kisha nguo alizoanika mekoni. Wattie akafariki, ukungu ukapanda hadi dirishani, kifua cha Grizel kikaanza kumsumbua.

"Mama, nimeshasema," alisema Rhona. "Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, mwisho wa Novemba, ikifika na ukuta bado una maji, unahamia kwangu mjini Cupar."

"Kwenye lile boksi lako? Hata panya wanakaa mle kwa kukosa nauli."

"Panya wangu hawakohoi, mama."

Tam alikohoa kidogo, kwa adabu. "Bi Grizel, chokaa mbichi haitaki jalidi ya majira ya baridi. Saruji isipotoka sasa, mwaka huu umekwenda."

"Asiiguse mtu!" Dod aliruka. "Tuliichanganya mimi na marehemu. Miaka ishirini na saba imekaa!"

"Imekaa, shemeji, na maji yangu yamekaa nayo."

Lakini kilichomzuia Grizel hakikuwa Dod. Wattie alikuwa wa mkono wa kushoto, na mwiko wake uliacha kwenye saruji mawimbi yaliyoelekea upande usio wa kawaida. Kila alipopita, Grizel aliyapapasa. Kuyavunja kulikuwa kama kumzika mume mara ya pili. Aliweka kiganja juu ya mawimbi hayo.

"Alinitilia saruji nisipande ngazi," alisema hatimaye. "Hakuitia ili nihame. Lete nyundo, Tam. Wa kwanza niwe mimi."

Alipiga. Kipande kikubwa kama sinia kilianguka, mgongo wake ukichuruzika maji. Dod aligusa jiwe lililofunuka, akautazama mkono wake.

"Kumbe tuliufungia kisima," alinong'ona.

"Mliufungia kwa mapenzi, shemeji."

"Mapenzi ya mafundi wa kubahatisha," alidakia Tam, na Dod akacheka bila kupenda.

Mawe yaliachwa wazi kiangazi chote yapate upepo. Kisha Tam akayarushia chokaa na kokoto kwa upawa, naye Dod, pamoja na magoti yake mabovu, akawa mlowesha magunia yaliyotundikwa ukutani ili chokaa isikauke kwa pupa.

Siku ya Mtakatifu Andrea Rhona alipapasa ukuta wa ndani, toka mlangoni hadi mekoni.

"Mkavu," alikiri. "Ila pembe ya kaskazini."

"Kwenye pembe ya kaskazini halali mtu. Kunywa supu yako."

Jioni Rhona alirudi Cupar peke yake. Tam alikuwa ameshahamishia nyundo yake kwa jirani, kwenye moja ya zile nyumba tano. Dod alivuka barabara kwenda kwake. Nyumbani alibaki mtu mmoja, Grizel Imrie.