Siku Saba za Kuupima Mgongo

Bi Mwanamkisi wa Wiyoni hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimletea samaki humfunua mashavu akachungulia, hata kama amevuliwa mbele ya macho yake. Basi mgongo ulipomshika na usimwachie, hakusema anaumwa. Alisema kuna mtu.

Kazi yake tangu usichana ni kushona kofia kwa mkono, na kofia zake huvaliwa siku za Maulidi na watu wasiojua jina lake. Maumivu yalimwanza kiunoni miaka miwili nyuma, yakapanda hadi chini ya mabega, yakakaa. Alikunywa kombe, maandishi ya zaafarani yaliyooshwa kwa marashi, kisha akanong'ona kuwa mwalimu aliandika kwa haraka. Alipigwa chuku, akasema damu ile ilikuwa nyepesi mno kuwa yake. Alikwenda hospitali akapigwa picha, na daktari Emily, msichana mpole kutoka bara, akamwambia mifupa haina neno. Mwanamkisi akaigeuza picha, akaona imeandikwa Mwanakisi. Herufi moja imepotea, kwa hiyo ule ulikuwa mgongo wa mtu mwingine. Emily alimsihi awe akiinuka mara kwa mara, asiinamie kofia kutwa. Hilo nalo alilitilia shaka, akaketi zaidi.

Kisha akahesabu miezi. Lubna, mke wa mwanawe Musab, aliletwa nyumbani Mfungo Mosi. Mgongo ulianza Mfungo Pili. Na nani aliyekuwa akimkanda kila siku baada ya alasiri, kwa mafuta ya chupa ambayo hakuna ajuaye imetoka wapi? Ni huyo huyo Lubna, eti anamsaidia.

Musab, fundi wa mashine za boti, alisikiliza maneno hayo mwezi mzima kichwa chini. Mwishowe mama akaweka sharti. Atakwenda Mkokoni kwa mdogo wake, Hindu, akae siku saba mbali na mikono ya Lubna. Mgongo ukimuuma huko, hatamtaja tena msichana. Ukipoa, Lubna arudi kwao Faza. Musab alikubali, kwa kuwa hakudhani utapoa.

Ukapoa. Boti iliwarusha njia nzima, wenzake wakashuka wameshika viuno, yeye akashuka amenyooka. Siku tatu alifagia uwanja wa Hindu, akazunguka kuamkuana na jamaa, asisikie kitu. Kofia hata hakuigusa. Moyo ulimjaa furaha, na tuseme kweli, haikuwa furaha ya uzima tu. Ilikuwa furaha ya kuona kwamba alijua tangu zamani. Siku ya nne alisimama nyuma ya msikiti, mahali penye mtandao, akamrekodia Musab ujumbe wa sauti.

"Umepoa, mwanangu. Ndia ya Faza waijua."

Musab alijibu kwa maandishi, neno moja: nimesikia.

Siku ya tano, adhuhuri, Mwanamkisi alipotaka kuinuka kwenye mswala, mgongo ulikuwa umeshafika Mkokoni. Ulimshika pale pale pa zamani, kwa nguvu zile zile, na Hindu alikunja mswala wake akamwacha bado amepiga magoti. Alijisingizia kuwa amekanyaga nguo. Mchana wote alitafuta wa kumshuku: boti, mto wa Hindu, maji ya kisima. Kila mmoja alimwachilia, kwa sababu maumivu aliyajua, na hayakuwa mapya. Kesho yake Hindu alimkuta ameng'ang'ania mlango.

"Dada," alisema Hindu, "na huku ni nani akukandaye?"

Mwanamkisi aliona haya, na haya ya mtu mzima haina pa kujificha. Akikiri kuwa anaumwa, basi kamsingizia mtoto wa watu aliyemkanda miaka miwili. Akijikaza akanyamaza, hakuna atakayejua, na Lubna atakwenda zake. Alikwenda nyuma ya msikiti hatua kwa hatua, akapiga simu ya Musab. Ikapokewa na Lubna.

Alisema Musab ameacha simu nyumbani, ametoka kumtafutia boti ya kwenda Faza. Nguo zake Lubna ameshazikunja. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza kulia.

"Chupa ya mafuta nimeiweka yuu ya kabati," alisema. "Atakayekukanda, mwambie ayapashe moto kwanza. Yakiwa baridi wajikunja." Kisha, kwa mazoea ya miaka miwili, akauliza, "Mgongo waonaye, mama?"

Kusema umepoa kungekuwa rahisi sana.

"Waniuma," alisema Mwanamkisi. "Tangu jana waniuma, kama huko huko. Mwambie Musab nimesema mwenyewe, kwa kinywa changu. Na nguo zirudishe."

Mwanamkisi alingoja jibu la Lubna, kisha akashindwa kungoja, maana mtu habadiliki kwa siku sita.

"Na mafuta hayo," aliuliza, "wayanunua wapi?"

"Siyanunui, mama. Ni ya simsim. Mamangu hukukamulia wewe kule Faza, kila mwezi."

Mwanamkisi aliegemea ukuta wa msikiti.

"Basi yapashe," alisema. "Nakuya kesho."