Mdogo wangu aliuliza kwa nini jiwe halikai mahali pawili

Wakuu, heshima kwenu. Nimeona mtu humu akiuliza kama gravity inaweza kueleza msingi wa quantum mechanics. Swali hilo lilifika kwetu Matiliku miaka ya sabini, na mimi ndiye niliyelizima. Naandika yaliyotokea, bila kujipendelea.

Mdogo wangu Kioko alisoma fizikia chuo kikuu, akapata nafasi ya kuendelea ng'ambo. Mama akasema haendi mpaka kanisa limwombee.

Mimi niliishia Form Four. Kanisani nilikuwa mkalimani, Kiingereza kwa Kikamba.

Jumapili hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni, kwa hivyo Kioko aliombwa aeleze masomo yake kwa Kiingereza.

Alisema chembe ndogo sana hutenda kana kwamba iko mahali pawili, mpaka ipimwe. Basi kwa nini jiwe halifanyi hivyo? Vitabu havikumtosheleza. Yeye alidhani ni gravity. Jiwe likiwa mahali pawili lingepinda space kwa namna mbili, na hali hiyo haiwezi kudumu. Jiwe hutulia mahali pamoja lenyewe, bila mtu kuliangalia.

Nilielewa, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma.

Wivu ukanishika. Nikatafsiri: "Anasema jiwe hutulia lenyewe, hata Mungu asipoliangalia."

Mzee mmoja akaangua kicheko. "Basi kesho tusiende mwethya, kazi yetu ya pamoja! Tukae kivulini, mawe yajipange yenyewe kwenye matuta!"

Kanisa zima likacheka. Mama hakucheka.

Kioko akanigeukia. "Kaka, sikusema hivyo."

"Keti. Unatuaibisha."

Kwetu mdogo hambishii mkubwa wake mbele ya watu. Akaketi.

Maombi hayakufanyika, na nafasi ikapita. Kioko alifundisha Kitui kwa muda, akaacha, akarudi nyumbani. Alichunga mbuzi, hakuongea na watu. Siku moja nilimuuliza kuhusu ile hoja ya jiwe.

"Hoja gani?" akasema, akaendelea kufunga ua wa mbuzi.

Alifariki miaka ya tisini. Mama naye alifariki akiamini mwanawe alimkana Mungu. Nilikaa kando ya kitanda chake na sikumwambia ukweli.

Nilichojifunza ni hiki: ukikabidhiwa maneno ya mtu, yafikishe yalivyo, hata kama yanamfanya aonekane mkubwa kuliko wewe.

Kwa mnaosomea mambo haya: wazo lake linasimama? Msinipe pole. Mjibuni yeye.