Siku Bibiana Alipoambiwa Apumzike

Jumamosi, tarehe 6 Julai 1974, mkesha wa Saba Saba, wanakijiji sitini na wawili, Mwenyekiti na mpishi wakiwamo, walikusanyika katika kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Simbo ili kuwaaga wachimba kisima watatu kutoka ng'ambo.

Mpishi huyo alikuwa Bibiana, mzaliwa wa Katonga wa wazazi waliovuka ziwa kutoka Kongo. Tangu kijiji kianzishwe, hapakuwa na karamu bila samaki wake wa migebuka kwa mawese, naye aliushika mwiko kama askofu ashikavyo fimbo yake. Lakini siku hiyo wageni waliomba kupika vyakula vya kwao. Rosa wa Italia alipika tambi kwa nyanya. Istvani wa Hungaria, nyama ya ng'ombe kwa pilipili nyekundu. Patriki wa Ayalandi, kondoo kwa viazi.

“Bibi, leo pumzika,” alisema Mwenyekiti Pastory. “Ugali tumeula tangu tuache ziwa la mama. Atakayeutaja leo ataosha masufuria yote, hata awe nani.”

“Hata awe nani, Mwenyekiti?”

“Hata awe nani!”

Bibiana aliketi kando ya mafiga, mwiko mapajani, akaapa kutosonga unga mpaka aombwe na yuleyule aliyemstaafisha. Hata hivyo alijiuliza: Watu wakishiba bila yeye, kesho Saba Saba watamwita wa nini?

Vyakula vikaandaliwa. Watu wakanawa mikono, wakashukuru, wakatulia. Hakuna aliyegusa. Mate yaliwajaa vinywani, nao wakakaa kama abiria wa treni iliyochelewa.

“Hawapendi?” Rosa akauliza, machozi yakimlengalenga.

Hawakuchukia. Kwa watu wale, kila kipikwacho kwa mchuzi ni mboga, hata kiwe kimetoka pembe gani ya dunia. Na mwenye adabu haanzi mboga kabla chakula hakijafika.

“Mboga hizi zanukia,” Mzee Telesphory akamnong'oneza jirani yake Eufrasia. “Mbona chakula chenyewe kinachelewa?”

“Nyamaza, mzee! Wataka kuosha masufuria?”

Pastory akaamua kuonyesha mfano. Akachovya vidole katika nyama ya Istvani; mchuzi ukamchuruzika hadi kwenye kiwiko, huku mkono ukipapasa ukingo wa sahani, ukitafuta tonge lisilokuwapo. Mwishowe akanyanyuka, akaenda mafigani.

“Bibi.”

“Abee, Mwenyekiti.”

“Tuletee kile… kile cheupe.”

“Chumvi?”

“Kile kinachosongwa, Bibi!”

“Mimi nimepumzika, akili nayo imepumzika. Kitaje tu.”

“Ugali! Songa ugali, watu wanakufa!”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibiana akafunua chungu: maji yalikuwa yakichemka tangu asubuhi, “kwa ajili ya chai,” alieleza, na unga wa muhogo ulikuwa umekwisha kuchekechwa, labda kwa ajili ya chai hiyohiyo.

Kumbe njaa ilikuwa imefungwa kwa kamba ya adabu tu. Tambi zikaviringishwa kwenye matonge, viazi vikafuata, na Patriki akafinyanga tonge kubwa kama tofali. Rosa akacheka hadi akapaliwa.

Alasiri Pastory akauliza kwa unyenyekevu, “Bibi, kesho utatupikia?”

“Nitapika. Masufuria yang'ae tu.”

Jua lilipotua, wanakijiji sitini walikuwa wamekwenda makwao na wageni watatu kulala. Waliobaki ni wawili: Bibiana, mwiko mkononi, na Mwenyekiti, mikono ya shati imekunjwa, akisugua kwa majivu.