Carte mère ya mashine ya majina

Umeme ulikatika muda wa mtu kukohoa, kisha ukarudi kwa nguvu kupita kawaida. Balbu ya karakana yetu iling'aa ikawa nyeupe kabisa, kompyuta ikatoa mlio mdogo kama wa njugu inayopasuka mdomoni, na sindano ya mashine ikasimama juu ya jiwe. Harufu ya plastiki iliyoungua ilinifikia kabla sijaelewa kilichotokea. Kaka yangu, aliyekuwa mlangoni akilisugua jiwe lingine, hakugeuka hata kuangalia.

"Ilisha kufa," alisema. "Nilijua tu siku moja itakufa."

Yaya, ndivyo ninavyomwita, maana hapa Lubumbashi mkubwa wako ni yaya, awe mwanamume au mwanamke. Yeye na mimi tulikuwa tukichonga mawe ya makaburi katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wetu, mtaa wa Katuba. Mashine ya kuchonga aliipata mgodini alikofanya kazi, siku walipofunga karakana yao na kugawana vyombo. Ni chuma kizito chenye kelele, na nyuma yake kuna tundu moja tu la waya, la aina ya zamani. Mimi huandika jina kwenye kompyuta, waya hulipeleka kwenye mashine, na sindano hushuka kuchonga. Vumbi la jiwe huingia puani tangu asubuhi, na macho yangu hushinda yakisoma majina ya waliokufa, kuangalia kama herufi zote zipo.

Jiwe lililokuwa mezani siku hiyo lilikuwa la mama mmoja wa kijiji cha Kasomeno. Mumewe alikuja nalo juu ya lori la mahindi, papa mwembamba, yaani mzee, aliyevaa koti hata kwenye joto, akashukia kwa binti yake hapa mjini akisubiri kazi iishe. Jamaa walikuwa wamekwisha kuambiwa wakutane kumaliza kilio, na jiwe lilitakiwa liwepo. Sasa jina la mkewe lilikuwa limefika katikati tu. Hatukuweza kulitoa mezani, kwa sababu likisogea hata kidogo, nusu ya pili ya jina isingekaa sawa na ya kwanza. Kulimalizia kwa patasi pia hatukuthubutu. Jiwe lenyewe lilikuwa gumu, na maandishi ya mkono yangeonekana ya mtu mwingine.

Papa alipofika tulimweleza. Aliinama, akaliangalia jina, akavuta kiti.

"Mi nitangojea," alisema. "Hata ku nyumba niko nangojea tu."

Basi kila siku akawa anakuja, anakaa pale karibu na jiwe. Kungoja kwake kulinichosha kuliko kama angegombana na sisi.

Nilifungua kompyuta nikaona kilichoungua ni carte mère, yaani ule ubao mkubwa wa ndani ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Vipande vingine vilionekana vizima. Tulihitaji ubao mwingine unaokubali processeur yetu, kile kipande kinachofanya hesabu zote, na memori zetu, na wenye lile tundu la zamani. Nikasema tuutafute wa zamani. Yaya akasema hapana, tununue mpya, tubadilishe na processeur, tuanze upya.

Tulipanda basi kwenda mjini tukiwa hatujaelewana. Muuzaji tuliyemwendea alikuwa mama mmoja mwenye duka refu jembamba, kompyuta zilizofunguliwa zimepangwa hadi dari. Nilipomwonyesha waya wetu alicheka.

"Ile tundu, mama? Batengenezaji balisha kuiacha. Leo kila kintu iko USB. Chukua hii." Akaweka mbele yetu ubao mweusi wenye taa za rangi pembeni. "Batoto ba jeu, ile michezo ya kompyuta, banaipendaka sana. Na ule waya wako, nitakupatia kiunganishi, utachomeka ku USB, basi."

Yaya aliushika ubao ule kwa mikono miwili. Sijui ni lini nilikuwa nimemwona mara ya mwisho akishika kitu kwa namna hiyo.

"Tutabeba hii," alisema.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Niliomba tu turuhusiwe kuurudisha ikiwa mashine itaukataa, na yule mama akakubali kwa kunung'unika, akituazima na processeur ya kujaribia.

Mashine iliukataa. Nilichukua kipande cha jiwe kilichovunjika, nikakiweka pembeni ya meza, nikaandika herufi moja. Sindano ilishuka, ikaenda kidogo, ikasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, ikaruka, ikaendelea mahali pengine. Herufi ilitoka na mapengo. Nikajaribu tena na tena, nikabadilisha kila kilichoweza kubadilishwa. Papa wa Kasomeno alisimama kuangalia kile kipande, kisha akaliangalia jiwe la mkewe, akarudi kukaa. Sikuthubutu kuiweka sindano ile juu ya jina lake.

Tukarudi mjini. Tulikuta duka limefungwa kwa muda, mwenye duka ameenda kula, tukakaa kwenye ngazi. Yaya aliubeba ubao mapajani, ndani ya boksi lake.

"Yaya," nikamwambia, "we mwenyewe uliona. Mashine haiwezi na hii. Juu ya nini unaipenda vile?"

Aliligeuza boksi mapajani, akasema, "Na hii ningefanya mafoto. Ya ndoa, ya batoto bakibatizwa. Kuna machine ya kuprinta ku rafiki yangu, anatafuta muntu wa kufanya naye."

"Na mawe?"

"Mudogo wangu, mi nilichoka na majina ya bafu, ya bantu balikufa."

Nilidhani anasema kama tunavyosema sote jioni, mgongo ukiuma. Lakini aliendelea, akiangalia barabara.

"Unakumbuka mi mwenyewe nilichonga jina ya bibi yangu? Ulisema utafanya weye, mi nikakatala. Tangu ile siku, sindano ikianza tu kulia, ninasikia iko naandika ile jina. Haizuru jiwe iko ya nani. Nilingojea itapita. Haipiti."

Mkewe alikuwa amefariki tukiwa tayari tumeanza kazi hiyo ya mawe, na kweli alimchongea jiwe yeye mwenyewe, akaifuta kila herufi kwa kitambaa. Mimi niliona hiyo ni nguvu yake. Tangu hapo tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega, katika kelele ile ile, na sikuwahi kumuuliza. Nikalichukua lile boksi kutoka mapajani mwake, nikalishika mimi.

"Enda fanya mafoto," nikasema mwishoni. "Tumalizie papa jiwe yake kwanza. Kisha mashine itabaki na mi."

"Utaweza peke yako?"

"Siyue."

Mwenye duka aliporudi nilimwomba aniache nipekue mwenyewe mbao zake kuukuu. Alinionyesha rundo lililowekwa juu ya magazeti. Nilizishika moja moja karibu na mlango penye mwanga. Moja ilikuwa na kutu, nyingine haikupokea processeur yetu, nyingine imevimba vile vipipa vidogo vinavyohifadhi umeme. Kisha nikaona moja ya kijani iliyofifia, haina tundu nyuma, ila pembeni ilikuwa na pini fupi zimesimama safu mbili, na herufi ndogo zimeandikwa kando: COM, jina la tundu letu la zamani. Tundu lilikuwepo, ila halikutolewa nje. Lilihitaji waya bapa tu wa kulifikisha nyuma ya kasha.

"Mama, uko na waya ya hii?"

Alipekua ndoo ya nyaya zilizofungamana mpaka akaupata. "Ubao ya nguvu unarudisha," alisema, akitikisa kichwa, "unabeba ya zamani. Ni weye unajua."

Kuipanga kompyuta upya kulichukua muda kuliko nilivyotaka. Umeme ulikatika tena nikiwa katikati, nikaanza mwanzo. Lakini herufi ya kwanza kwenye kipande kilichovunjika ilitoka nzima. Nikamwita Yaya. Yeye ndiye aliyeiweka sindano mahali ilipokuwa imesimama, akiisogeza kwa kidole, jicho karibu kuligusa jiwe. Nilimwambia atoke nje mashine ikilia. Hakutoka. Alisimama nyuma yangu, mkono wake juu ya mgongo wa kiti changu, mpaka herufi ya mwisho.

Papa alipitisha kidole juu ya jina lote, polepole, akasimama katikati. Kulikuwa na alama nyembamba pale, kama unywele. Mtu asiyejua asingeiona.

"Hapa njo mulipumuzika," alisema.

Tulilifunga jiwe kwa blanketi lake, Yaya na dereva wakalipandisha kwenye lori la Kasomeno.

Siku hizi Yaya yuko mjini kwa rafiki yake. Ananitumia picha za maharusi kwenye simu bila neno lolote, nami ninazifungua nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya karakana, mikono imejaa vumbi. Jumamosi anakuja kunisaidia kubeba mawe, kisha ananywa chai uani hadi nizime mashine. Mimi bado ninaandika majina. Ninachoka, na sijui nitaendelea mpaka lini. Jana alikuja dada mmoja na jina la mtoto wake kwenye karatasi. Nikamwambia akae, nikawasha kompyuta.