Manowari ya Uani Mpuguso

"Nimelala na homa juma zima, hata wa kunipa maji hakupita," alisema mzee Nsajigwa, amesimama mlangoni kwa jirani yake Atuganile. "Ndiyo ujirani huo?"

"Ujirani gani, Baba Gwamaka? Umeazima nusu bati langu tangu mvua zianze, jiko langu linavuja, halafu unakuja kudai wageni?" Atuganile hakuacha kumenya ndizi. "Na nani aje kukaa na mtu anayejichongea jeneza uani?"

Mzee akaelewa. Kumbe. Tangu aanze kugongomea mbao zile watu walikuwa wakipita njia ya juu. Kwetu Mpuguso msiba huendewa na kijiji kizima, lakini hakuna anayetaka kuonekana ameuwahi.

"Jeneza lina bomba la moshi?"

"Nikadhani ni mambo ya kanisa lenu jipya."

"Njoo uone."

Akaja, kisu mkononi. Mzee akafunua turubai: chini yake meli ndogo ya mbao, bati limegongomewa ubavuni. Ujanani, wakati wa vita kuu ya pili, alikuwa askari, akapelekwa ng'ambo, na huko hakupigana na mtu. Alipewa kulinda manowari kuukuu bandarini. Ilijengwa enzi za mababu: mwili wa mbao nene, juu yake mabamba ya chuma ili mizinga isiupasue. Mbele, chini ya maji, pembe ya chuma ya kutobolea meli za adui. Ilikuwa na injini ya mvuke, na matanga juu yake, maana waliounda injini hawakuiamini.

"Ilizamisha ngapi?"

"Hata moja. Ilizunguka miaka yote ikingoja vita. Vilipokuja, zilishatoka mpya za chuma kitupu. Wakaing'oa mizinga, wakaifunga kwa minyororo, wakaijaza makaa ya mawe. Nilikaa humo peke yangu. Jua likizama mabamba yalikuwa yakipoa na kulia."

"Na hii umemtengenezea nani?"

"Gwamaka. Nilitaka akija aione."

Atuganile akashusha kisu. Serikali iliporuhusu biashara huria, kijana huyo alikimbilia Dar kuuza mitumba. Krismasi ya kwanza alileta redio, ya pili alituma salamu. Baada ya hapo, kimya.

Mzee akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari ubavuni mwa meli. "Chukua bati lako. Kama ndilo linalofukuza watu, silitaki."

Atuganile alichungulia jikoni kwa mzee: majivu yamepoa, sufuria imekauka. Akaondoka bila kuaga. Mzee akasikia hatua zake zikiishia migombani, akaendelea na misumari, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza.

Mara akarudi na makaa ya moto kwenye kigae, na ndizi ndani ya khanga. Akapiga magoti mafigani kwa mzee, akapuliza mpaka moto ukashika.

"Acha kubomoa," akasema, machozi ya moshi yakimtoka. "Bati nimekusamehe. Haya, hiyo pembe ilikuwa ndefu kiasi gani?"