Dakika Kumi na Saba za Hali Shwari

Kuna watu hupewa jina na wazazi, na kuna watu hupewa jina na mji mzima. Mzee wetu huyu alipewa yote mawili, na lile la wazazi likafa kwa kukosa kazi. Kwa miaka ishirini na sita aliitwa Hali Shwari. Aliitwa hivyo sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji, na siku moja hata na daktari aliyeshika faili lenye jina lake halisi. Wajukuu walimwita Babu Shwari na kuliona jina zuri tu, la mtu mtulivu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia lilikotoka.

Lilitoka kwenye kitabu. Enzi hizo mzee alikuwa mlinzi wa benki, na siku ya Jumapili mlinzi wa benki alikuwa na kazi mbili: kukaa kwenye kiti mbele ya mlango, na kila nusu saa kuandika kwenye kitabu cha zamu ni saa ngapi na hali ikoje. Hali siku zote ilikuwa shwari. Tatizo lilikuwa kalamu. Kampuni ya ulinzi ilitoa kalamu moja kwa walinzi wawili, yeye na mwenzake wa ghala la ng'ambo ya barabara. Basi wakawa na utaratibu wao. Saa sita mchana Shwari anaandika zamu nzima mpaka saa kumi na mbili jioni, anatia saini kila mstari, halafu mwenzake anavuka barabara, anachukua kalamu na kwenda kufanya vivyo hivyo. Hawakuona kosa lolote. Jambo ambalo litatokea tu, ukiliandika mapema umemwonea nani?

Jumapili moja wezi wakachimba kutoka duka la vitambaa la jirani, wakapita chini ya ukuta, wakaibukia ndani ya chumba cha hazina na kukikomba. Walikuwa wametandika majora ya vitambaa sakafuni ili hata unyayo usisikike. Askari walioitwa na mwenye duka walipofika saa tisa alasiri walimkuta mlinzi kwenye kiti chake, kofia kichwani, na pembeni yake kitabu kinachosema kwamba saa tisa na nusu hali ilikuwa shwari, saa kumi shwari, na saa kumi na moja na nusu, ambayo hata jua lenyewe lilikuwa halijaifikia, shwari pia. Baada ya hapo ungeapa kwa lugha gani kwamba ulikuwa macho? Mahakama ilimwachia, mwajiri akamfukuza, na mji ukamtia mdomoni. Wezi hawajakamatwa mpaka leo, lakini hakuna anayewazungumzia. Watu wanamzungumzia mlinzi aliyelala.

Na hakulala. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Alikuwa macho tangu asubuhi, akiitazama barabara tupu, na nyuma ya mgongo wake benki ikihamishwa kimyakimya. Alijifunza kuziba pancha za baiskeli, akalea watoto kwa kazi hiyo, na tangu siku ile hakutoka nyumbani bila kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Wala hakusaini kitu kabla ya wakati wake. Mjukuu akileta ripoti ya shule, babu anaisoma mpaka jina la kiwanda cha uchapishaji, anatazama saa ya ukutani, ndipo anasaini na kuandika dakika.

Tungesema alishazoea, na kweli maneno ya mji alishayazoea. Kilichomnyima raha ni mkewe. Mama huyo hakuwahi kusema nakuamini, wala hakuwahi kusema sikuamini. Siku mumewe aliporudi kutoka kituoni alimwekea maji ya kuoga, akamuuliza kama amekula, na mjadala ukaishia hapo. Mzee hakuthubutu kuuliza, kwa sababu aliogopa jibu. Ni vigumu kulala kitanda kimoja na mtu miaka yote hiyo bila kujua anakuonaje, lakini yeye alijikaza.

Sasa mwaka jana akaja binti mmoja mwenye viatu vya mwanamume na daftari nene, akajitambulisha kuwa mwongozaji wa filamu. Anatengeneza filamu ya wizi ule. Alikaa na mzee kutwa nzima kwenye kibanda cha pancha akiuliza maswali ya ajabu. Kiti kilikuwa kinayumba upande gani? Mkono wa kushoto ulikuwa wapi? Nzi walikuwepo? Mzee alimsimulia na habari ya kalamu pia, yote, bila kuficha. Binti akaandika, akashukuru, akaondoka. Hakuuliza hata mara moja kama alilala, na mzee akabaki na wasiwasi, maana mtu asiyeuliza mara nyingi huwa ameshaamua.

Filamu ilipokamilika ikaletwa kuonyeshwa mjini kwetu kwanza, Jumamosi saa nane mchana, kwenye ukumbi wa sinema uliokuwa umegeuzwa ghala la magodoro na sasa umerudishiwa viti. Mji mzima ulikuja. Walikuja wakitarajia risasi, magari kugongana na angalau mwizi mmoja kuning'inia kwenye paa. Mzee alivaa koti la harusi ya mwanawe wa kwanza. Alikaa safu ya nne, mkewe kushoto, na kulia akakaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi.

Huyu kinyozi ndiye hasa aliyeilea hadithi ya usingizi. Kwa miaka ishirini na sita aliisimulia kila aliyeingia kunyolewa, na kila mwaka aliitia chumvi kidogo. Mwanzoni shemeji yake alisinzia. Baadaye alilala. Kufikia mwaka wa kumi alikuwa anakoroma mpaka wezi wanapiga nyundo kwa kufuata mkoromo wake.

Mlangoni kila mtu alikuwa amepewa kadi ya maoni, ajaze filamu ikiisha na kuirudisha anapotoka. Taa zilikuwa bado zinawaka kinyozi alipomgusa mzee bega.

"Shemeji, niazime kalamu."

"Ya nini? Filamu haijaanza."

"Nataka nijaze kabisa. Mwisho kutakuwa na msongamano, na soda za bure ziko nje. Unadhani zitanisubiri?"

Mzee alimpa kalamu, akamwona akiandika bila kusita: *Nimeitazama yote mwanzo hadi mwisho. Safi sana. Pale mlinzi anapolala panavunja mbavu.* Kisha kinyozi akaipitisha kalamu kwa jirani yake, jirani akampa wa mbele, na mzee akaona kalamu yake ikitembea safu hadi safu, watu wazima wenye heshima zao wakiandika na kutia saini mambo ambayo hayajatokea. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kabla hajaamua, taa zikazimwa.

Filamu ilianza na mtu anafagia. Alifagia dakika tisa. Baada ya hapo tukaonyeshwa bomba linavuja, halafu mlango, halafu mlango uleule kwa upande wa pili.

"Sauti imeharibika?" mtu akauliza nyuma.

"Sauti ipo. Hawasemi tu."

"Wamegombana?"

"Nyamazeni, labda mwizi yuko nyuma ya mlango."

Mwizi hakuwa nyuma ya mlango. Hakukuwa na mwizi filamu nzima. Wezi walikuwa vumbi linaloshuka kutoka ukutani, taratibu, na usipokuwa mwangalifu hulioni. Mwanamke mmoja alifungua mfuko wa karanga na ukumbi wote ukageuka kumtazama, kwa furaha ya kupata kitu kinachotendeka.

Ndipo akatokea mlinzi. Mwigizaji kijana, kofia, kiti kinachoyumba kulia. Alikaa akitutazama, na kamera nayo ikamtazama, na ikawa ndiyo hiyo. Dakika moja ikapita. Mbili. Nne.

"Picha imeganda!" kinyozi akapaza sauti. "We fundi huko juu, picha imeganda!"

Nzi akatua kwenye kofia ya mwigizaji, akatembea, akaruka. Watu walipiga makofi. Baada ya nzi hapakuwa na lingine, na ukumbi ukaanza kuzama. Kilianza kichwa cha mwenye karanga. Akafuata askari mstaafu aliyekuja na nishani zake kifuani. Miayo ikapita kutoka safu hadi safu kwa njia ileile iliyopita kalamu. Kinyozi alipigana kiume kwa dakika tatu hivi, kisha kidevu kikamwangukia kifuani na mkoromo ukaanza, mnene, wa mtu asiye na deni na mtu. Safu ya tano ikamjibu. Mwisho mkewe mzee naye akaegemeza kichwa kwenye bega la mumewe na kuuchapa usingizi.

Mzee alibaki peke yake. Alikaa wima, mikono magotini, akimtazama kijana yule machoni kwa woga kama wa siku ya hukumu. *Usilale, mwanangu,* alimwomba kimoyomoyo. *Tafadhali usilale.* Kijana alipepesa. Akameza mate. Dakika ya kumi na mbili akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati kutafuta kalamu, akaukuta mtupu, akatazama ng'ambo ya barabara, akaushusha mkono. Binti yule alisikia. Kila neno alilolisema kwenye kibanda cha pancha alilisikia. Dakika ya kumi na saba kipande hicho kikaisha, na macho ya mlinzi yalikuwa wazi.

Aligeuka amwambie mtu. Hakukuwa na mtu. Watu mia mbili walikuwa wamelala fofofo, na yeye ndiye mlinzi wao.

Filamu ilipoisha na taa kuwaka, watu waliamka kwa makofi mazito, hasa wale waliokuwa na aibu. Mwongozaji akapanda jukwaani na kuuliza kama kuna mwenye maoni. Kinyozi alifuta mdomo kwa kiganja na kusimama wa kwanza.

"Mimi nakupongeza, dada. Hasa pale mlinzi alipolala. Ule mkoromo umeupatia! Ndivyo alivyokoroma hasa."

Mwongozaji akakunja uso. "Mkoromo gani?"

"Si ule! Mimi nimeusikia kwa masikio yangu haya mawili."

"Hata mimi nimeusikia," akasema askari mstaafu. Safu ya tano ikaunga mkono. Mwenye karanga akasema mkoromo ulimgusa sana, ulimkumbusha marehemu mumewe.

Hapo mzee akasimama. Hakuwa amesimama mbele ya watu tangu mahakamani.

"Mlinzi hakulala," alisema. "Amepepesa macho mara mia moja na arobaini na mbili, nimehesabu. Mliolala ni ninyi. Na huo mkoromo, shemeji, nisamehe sana, ni wako."

Ukumbi ukalipuka. Wengine walicheka, wengine wakaapa hawajasinzia hata kidogo, na kinyozi akataka ushahidi, akitikisa kadi yake. "Mimi nimeandika hapa! Nimesaini! Nimeitazama mwanzo hadi mwisho!"

"Umeandika saa nane kasoro dakika mbili," mzee akasema, "kwa kalamu yangu."

Kelele zikazidi, mpaka mwongozaji akainua mkono na kusema kwa upole kabisa, "Wazazi wangu, hakuna haja ya kubishana. Fundi yupo. Tunaweza kukirudia kipande hicho chote, dakika kumi na saba, tukahakikisha pamoja."

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia hata msibani. Kisha mtu mmoja nyuma akalia kwa sauti ya kukata tamaa, "Hakulala! Mzee hakulala! Tunashuhudia!"

"Hakulala!" wakaitikia wote.

"Shemeji yangu hakulala," kinyozi akasema haraka kuliko wote, tayari ameshafika nusu ya njia kuelekea kwenye soda. "Mimi siku zote nilikuwa na mashaka na hadithi ile."

Hivyo ndivyo mji ulivyomtakasa mzee Shwari. Alipewa mikono mlangoni, aliombwa msamaha na watu waliokuwa wanapiga miayo, na mwongozaji alimkumbatia. Ungetegemea afurahi. Lakini alijua vizuri kwamba watu wale wangeshuhudia hata kwamba yeye ndiye aliyejenga benki, ili mradi wasirudishwe kwenye viti vile. Kalamu yake ilirudi imetafunwa kifuniko.

Alirudi nyumbani kwa miguu na mkewe, jua likiwa bado kali. Walipita duka la vitambaa, wakapita benki yenyewe. Mzee alikuwa na neno moja tumboni na lilikuwa linamchoma.

"Nimekuona umelala," alisema mwisho. "Kipande chote cha mlinzi."

"Nililala," mkewe akakubali.

"Hata wewe. Hukutaka kujua kama atalala au hatalala?"

Mkewe akasimama, akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake mwenyewe. "Wenye haja ya kumwangalia ni wasiokujua. Baba watoto, wewe umewahi kulala kwenye kiti lini? Kwenye basi unakesha. Hospitalini nilipojifungua ulikaa kwenye kiti siku mbili macho makavu, manesi wakakuogopa. Mpaka ulale chali, ujifunike, na mto uwe wa upande wako. Mimi nilijua hatalala, nikaona nipumzike."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza! Nilidhani unajua kwamba najua."

Mzee alisimama palepale mbele ya benki, kwenye kivuli cha ule mlango, machozi yakamtoka na kumwagikia kwenye koti la harusi. Hakuyafuta. Watu waliokuwa wanatoka ukumbini na soda zao walianza kupunguza mwendo na kumkodolea macho.

"Twende nyumbani," mkewe akasema, akimshika mkono. "Watadhani filamu ilikuwa nzuri."