Mteja Hapatikani kwa Sasa

Dada yangu ndiye aliyeanza utani. Kila nilipoweka simu chini aliniuliza kama wamejibu, na nikinyamaza alibana pua akamwiga yule mwanamke wa kwenye simu: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Sikupenda. Nilikuwa nimetuma makala zangu kwa magazeti, kwa wenye tovuti, hata kwa nyumba za wageni za Kilwa, nikijitangaza kuwa mwandishi wa kujitegemea, na kweli hakuna aliyejibu.

Mama hakuwa na utani. Sisi tunaishi Rasbura, lakini shamba letu la mikorosho liko Milola, na kila msimu tunahamia huko kuokota. Alisema niandike mpaka korosho zianze kudondoka. Nikimpata hata mtu mmoja wa kunilipa kwa maneno yangu, nitabaki mjini niendelee. Nisipompata, nitakwenda shamba na habari ya uandishi itakuwa imekwisha. Shamba silichukii. Nilichoogopa ni hilo la mwisho, maana mama akishafunga jambo halifungui tena.

Mikorosho ilikuwa imeshachanua alipokuja shoga yake mama, anayewauzia abiria wa mabasi korosho za kukaanga pale njia panda ya Mingoyo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanilalamikia kwamba amenipigia tangu asubuhi anaambiwa mteja hapatikani. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Shida yake ilikuwa hii: wauzaji wa Mingoyo siku hizi wana vipaza sauti vyenye matangazo yaliyorekodiwa, na vyote vinasema maneno yaleyale. Yeye alitaka yake peke yake, na angelipa. Nilinuna moyoni. Nimejipanga kuandika makala, naletewa kazi ya kupigia debe korosho. Lakini mchagua jembe si mkulima, nikakubali.

Nikaandika ukurasa mzima kuhusu udongo wa kusini, jua letu, na mikono ya akina mama. Nikaupeleka Mingoyo, nikamsomea mezani kwake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Maneno mazuri, mwanangu," akasema. "Ila basi limeshaondoka."

Nikainua macho. Basi lililosimama nilipoanza kusoma halikuwepo.

Nilikasirika, lakini sikuondoka. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawaangalia abiria. Kila dirisha lilikuwa na hofu zilezile: wasiuziwe korosho za zamani, na basi lisiondoke chenji yao ikiwa bado mkononi mwa muuzaji. Nikafuta ukurasa wote, nikaandika: "Zimekaangwa leo. Onja kwanza. Chenji ninayo." Akayarudia, akacheka, akayarekodi kwa sauti yake na kunilipa palepale.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Mama akanisikiliza huku akichambua mchicha, akasema, "Huyo ni shoga yangu. Amekuhurumia." Iliniuma sana, kwa sababu njiani na mimi nilikuwa nimewaza hivyohivyo.

Baadaye kidogo mama akaenda msibani Mtwara. Basi lake lilikuwa halijafika mbali alipopiga simu.

"Nimenunua korosho," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Ndani kwetu kulikuwa na korosho za msimu uliopita, alizozibangua mwenyewe. Tangu nimjue, mama hajawahi kununua korosho. Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyejikasirikia: shoga yake alikuwa upande wa pili wa basi, wala hawakuonana, kijana wake ndiye aliyeleta korosho dirishani, lakini kipaza sauti kilisema onja, akaonja, kikasema chenji ipo, akaona mkono wake umeshaingia kwenye mkoba.

"Zetu ni nzuri kuliko hizi," akaongeza.

Nikamwambia ni kweli.

Kisha akasema, "Milola mwaka huu tutakwenda mimi na dada yako. Wewe baki na wateja wako."

Nilifurahi sana. Kabla sijasema asante, dada, aliyekuwa akisikiliza pembeni yangu, alibana pua akamjibu mama: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."